Mkopo kwa Mtu Asiye na Mshahara

Kila mwaka, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, mji wa Bariadi hubadilika sura. Malori yaliyosheheni pamba mbegu huelekea kwenye vinu vya kuchambulia, na fedha zilizolipwa vijijini hurudi mjini mikononi mwa wanunuzi wa vitenge, mabati, baiskeli na vyakula. Fundi cherehani ambaye mwezi wa Machi alikuwa akishona viraka sasa hukesha akishona magauni ya harusi. Ifikapo Novemba mvua huanza, mkulima hushika jembe, na wateja wa fundi huyo hupungua hadi msimu mwingine.

Fundi ni yule yule, cherehani ni ile ile, na ujuzi wake haukupungua hata chembe. Lakini akienda kuomba mkopo ili anunue cherehani ya pili, aghalabu huulizwa vitu viwili ambavyo hana: hati ya mshahara na hati ya nyumba. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye pengine kwa mwaka hapati zaidi yake, hupewa mkopo bila kuweka rehani yoyote. Wengi huiona tofauti hii kuwa ni dharau kwa watu waliojiajiri. Dharau huenda ipo mahali fulani, lakini chanzo chake hasa ni hesabu, na hesabu ni jambo linaloweza kuchunguzwa.

Jambo hili si dogo katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, una watu zaidi ya milioni 2 na ndio unaoongoza nchini kwa uzalishaji wa pamba. Walio wengi miongoni mwa watu hao ni wakulima, wafugaji, mafundi na wachuuzi. Mwenye kupokea mshahara kila mwisho wa mwezi ni mtu mmoja miongoni mwa wengi.

Hesabu ya mkopeshaji

Ichukuliwe kwamba mkopeshaji anawapa watu 100 shilingi 100,000 kila mmoja kwa muda wa mwaka mmoja. Amezitoa shilingi milioni 10. Fedha hizo naye amezipata kwa watu wengine, na inambidi awalipe asilimia 10. Tena kila mkopo humgharimu shilingi 5,000 za karatasi, nauli na muda wa karani. Ili asipate hasara wala faida, sharti akusanye shilingi 11,500,000.

Ikiwa wakopaji 5 watashindwa kulipa kabisa, mzigo wote huwaangukia 95 waliobaki, na kila mmoja hana budi kulipa shilingi 121,053. Wakishindwa 15, kila mmoja kati ya wale 85 atalipa shilingi 135,294. Ndivyo ilivyo kwamba mkopaji mwaminifu hulipa deni lake, kisha hulipa na sehemu ya deni la mtu asiyemjua.

Mtu angedhani kuwa mkopeshaji mwenye wasiwasi hupandisha riba tu hadi wasiwasi wake ulipike. Mwaka 1981 wanauchumi wawili wa Marekani, Joseph Stiglitz na Andrew Weiss, walionyesha kwa nini njia hiyo ina mwisho. Riba inapopanda, mtu wa kwanza kujitoa ni yule mwenye shughuli ya faida ndogo lakini ya uhakika, kwa kuwa anajua hataimudu. Hubaki mwenye kubahatisha, na yule ambaye tangu mwanzo hana nia ya kulipa, ambaye kwake asilimia 20 na asilimia 40 ni sawasawa. Kwa hiyo ipo hatua ambapo kupandisha riba huzidisha hasara badala ya kuipunguza. Hapo mkopeshaji huacha kupandisha, na badala yake hukataa. Fundi wa Bariadi anayeambiwa kuwa hana sifa anaweza kuwa tayari kulipa riba iliyo juu kuliko ya mwalimu, na bado asipewe.

Kiini cha tatizo, basi, ni elimu ambayo upande mmoja unayo na upande wa pili hauna. Fundi anajua kuwa atalipa. Mkopeshaji hajui, na njia ya kulijua jambo hilo humgharimu fedha nyingi kuliko faida atakayoipata katika mkopo mdogo.

Mizani ya pamba

Hata mkopo wa mwalimu unaosemwa kuwa hauna dhamana unayo dhamana yake. Makato hufanywa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Kinachomlinda mkopeshaji si nyumba wala ng'ombe, bali ni mlango mmoja ambao fedha za mkopaji hazina budi kuupitia. Historia ya Usukumani inaueleza ukweli huu vizuri kuliko kitabu chochote cha uchumi.

Wakati wa ukoloni mlango huo ulifungwa kwa sheria. Sheria iliyotungwa Tanganyika mwaka 1923, na kutungwa upya mwaka 1931, iliwawekea Waafrika mpaka katika kukopa. Kwa jumla, deni ambalo mfanyabiashara asiye Mwafrika alimpa Mwafrika bila idhini ya serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo inawakinga wenyeji na wenye maduka. Kwa vitendo iliwafanya kuwa watu wasiokopesheka, maana ni nani atakayetoa mali yake kwa deni ambalo hakimu hatalisikiliza?

Vyama vya ushirika vilileta njia nyingine. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Katika chama cha msingi mkulima alipima pamba yake mahali pamoja, mbele ya katibu aliyemfahamu yeye, baba yake na shamba lake. Deni la mbegu au dawa liliweza kukatwa pale pale penye mizani. Mwaka 1971 ikaanzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini Tanzania kwa ajili ya kupeleka mikopo kwa wakulima. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na benki hiyo nayo ikageuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini mwaka 1984.

Halafu, katika msimu wa 1994/95, biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ushindani una manufaa yake kwa muuzaji, na wakulima wengi walifurahi kulipwa taslimu. Lakini mkulima aliyekopeshwa dawa na mnunuzi mmoja sasa aliweza kumuuzia pamba mnunuzi wa pili aliyesimama hatua chache kando ya barabara. Mizani ilipokuwa mingi, dhamana ilitoweka, na mikopo ya pembejeo ikaporomoka pamoja nayo. Haikuwa kwamba Wasukuma walipoteza uaminifu ghafla katika mwaka huo mmoja. Kilichobadilika ni njia ya fedha. Tangu msimu wa 2018 pamba imekuwa ikiuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika vya mazao, na sababu mojawapo ni hiyo ya kuurudisha mlango mmoja.

Fundi cherehani hana mizani. Wateja wake humlipa mmoja mmoja, leo shilingi 3,000 na kesho shilingi 15,000, na hakuna katibu anayeandika.

Watu watano na mvua moja

Palipokosekana mlango wa fedha, watu wameweka macho ya majirani. Fikra hii si ngeni. Huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wakulima katika kijiji cha Heddesdorf mwaka 1864, na wanachama wakachukua madeni kwa dhamana ya pamoja. Katika Bangladesh, Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kuwakopesha wanakijiji wa Jobra wasio na mali, kwa vikundi vidogo. Nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na jamii ya vikundi hivyo ndiyo inayofahamika hapa nchini kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa kwa kadiri ya hisa zake, aghalabu hadi mara tatu.

Nguvu ya kikundi ni kwamba kinajua kile ambacho benki ingelazimika kukinunua kwa gharama. Majirani wanajua nani anakunywa, nani ana mgonjwa nyumbani, na nani huamka alfajiri. Tena hesabu ya bahati iko upande wao. Ikiwa kila mwanachama katika kundi la watu 5 ana nafasi ya asilimia 10 ya kukwama, na kukwama kwa mmoja hakuhusiani na kukwama kwa mwingine, basi kati ya makundi 1,000 ni makundi kama 9 tu yatakayokuwa na watu watatu au zaidi waliokwama kwa pamoja. Wawili waliobaki na pumzi hawatoshi kumbeba mzigo wa watatu. Lakini wanne humbeba mmoja bila taabu kubwa.

Sharti liko katika maneno yale, “hakuhusiani”. Katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega sharti hilo mara nyingi halitimii. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Mwaka 2020 bei elekezi ikawa shilingi 810, yaani pungufu kwa karibu theluthi moja. Mkulima, fundi, mama lishe na mwendesha bodaboda wote walikula katika chungu hicho kimoja. Hali inapokuwa hivyo, ile asilimia 10 ni ya kundi zima: kati ya makundi 1,000, makundi 100 huanguka kwa siku moja pamoja na wadhamini wao. Kutoka 9 hadi 100 ni tofauti isiyoweza kufichwa na hotuba juu ya umoja. Kikundi kilichochanganya fundi cherehani, mvuvi wa Lamadi kando ya Ziwa Victoria na mtumishi wa zahanati kina salama kuliko kikundi cha watu watano wanaopendana sana na ambao wote wanalima pamba.

Serikali nayo imefuata njia ya vikundi. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upitiwe upya, ukarejeshwa mwaka 2024.

Simu inayoweka kumbukumbu

Njia ya tatu haitaki mlango wala jirani, bali hutaka kumbukumbu. Asili yake iko mbali sana na fedha. Mwaka 1936 mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, alionyesha namna ya kutofautisha aina za maua yanayoitwa airisi kwa kuvichanganya vipimo kadhaa vya petali na sepali zake kuwa alama moja. Mwaka 1941 David Durand, katika utafiti uliofanywa Marekani, aliitumia njia hiyo hiyo kwa wakopaji: akachukua mikopo iliyolipwa vizuri na ile iliyoharibika, akatafuta ni vipimo gani vinavyozitenga. Mkopaji akawa kama ua, akapimwa na kupewa alama.

Fundi wa Bariadi hakuwa na chochote cha kupimwa mpaka simu ilipofika. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mikopo midogo itolewayo kwa simu ikafuata Kenya mwaka 2012, na Tanzania mwaka 2014. Mashine huangalia mtu ameitumia laini yake kwa muda gani, hupokea na kutuma fedha mara ngapi, huacha salio gani, na amelipaje mikopo iliyopita. Hakuna karani aliyepanda basi kwenda kumwona, kwa hiyo zile shilingi 5,000 za gharama hupungua mno. Kampuni za taarifa za wakopaji, zinazofanya kazi chini ya leseni ya Benki Kuu, hukusanya sifa njema na mbaya za mkopaji kutoka kwa wakopeshaji mbalimbali.

Mashine hii ina upofu wake. Haioni fedha taslimu. Fundi aliyeshona nguo za shilingi laki 4 katika mwezi na kulipwa zote mkononi huonekana kuwa maskini kuliko kijana anayepokea na kurusha shilingi elfu 10 mara ishirini. Ndiyo maana kuwaomba wateja walipe kwa Lipa Namba, na kuandika mauzo ya kila siku katika daftari la kawaida, kuna thamani inayozidi usumbufu wake: vitu hivyo viwili hugeuza kazi isiyoonekana kuwa kipimo. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000 vilimtambulisha mtu ni nani na kwamba anafanya biashara, lakini havikusema anauza kiasi gani.

Upo pia uovu ulioingia kwa mlango huo huo. Programu za simu zisizo na leseni ziliwakopesha watu kwa dakika chache, kisha zikawatangazia ndugu na rafiki zao wote kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Wananchi walikwisha kuipa mikopo ya namna hii, ya simu na ya mitaani, jina la kausha damu, na ni vigumu kupata istilahi iliyo sahihi zaidi.

Asilimia 3 zipi?

Mkopaji anapoambiwa “riba asilimia 3 kwa mwezi”, hajaambiwa bado bei ya mkopo. Inategemea asilimia hizo ni za nini. Kwa mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, ikiwa riba huhesabiwa juu ya deni la mwanzo mwezi baada ya mwezi, riba ni shilingi 36,000 kila mwezi, jumla 432,000. Ikiwa huhesabiwa juu ya deni lililobaki, na mkopaji anapunguza shilingi 100,000 kila mwezi, jumla ya riba ni 234,000. Tofauti ni shilingi 198,000, na makaratasi yote mawili yameandikwa asilimia 3.

Katika njia ya kwanza mkopaji anatozwa riba kwa fedha alizokwisha kuzirudisha. Kwa wastani wa mwaka mzima alikuwa na deni la shilingi 650,000 tu mkononi, na kwa hilo amelipa 432,000, yaani zaidi ya asilimia 66. Swali la kumwuliza karani, basi, si la asilimia: ni shilingi ngapi zitakazoingia mkononi siku ya kwanza baada ya ada zote, na ni shilingi ngapi zitakazotoka hadi siku ya mwisho.

Kalenda ya fundi

Ichukuliwe sasa kwamba fundi yule amekubaliwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba kazi yake humpatia shilingi 400,000 kwa mwezi. Miezi saba mingine, 120,000. Chakula na mahitaji ya nyumbani huchukua 110,000. Kwa mwaka anabakiwa na shilingi 1,520,000, na mkopo wa shilingi 600,000 kwa riba ile ya kwanza humtaka alipe 68,000 kwa mwezi, jumla 816,000. Kwa hesabu ya mwaka anao uwezo, na zaidi.

Akichukua mkopo mwishoni mwa Mei, miezi mitano ya kwanza anabakiwa na 290,000 kila mwezi, analipa, na kuweka akiba ya kumvusha masika. Akichukua mwishoni mwa Oktoba, rejesho la kwanza tu linamkuta na shilingi 10,000. Pengo la shilingi 58,000 hujirudia mara saba, jumla 406,000, na ili kuliziba hukopa kwa simu au kwa mtaani, au huuza cherehani. Katika daftari la mkopeshaji ataandikwa kuwa mkopaji mbaya, na alama hiyo itamfuata miaka mingi. Kosa lake lilikuwa mwezi wa kukopa.

Mkulima wa pamba hulipa deni la dawa mara moja, pamba inapouzwa. Fundi anayewategemea wakulima hao hao hudaiwa kila mwezi kana kwamba anaishi kwa mshahara. Ikiwa mkopo ule wa Oktoba ungepangwa alipe Juni hadi Oktoba, kwa riba ya asilimia 3 juu ya deni lililobaki, riba ya miezi saba ya kungoja ingekuwa 126,000 na ya miezi mitano ya kulipa 54,000. Jumla ya kulipa ni shilingi 780,000, sawa na 156,000 kwa mwezi katika miezi ambayo anabakiwa na 290,000.

Mkopeshaji ana pingamizi moja la haki: kwa miezi saba hataona shilingi, naye hatajua kama fundi bado yupo Bariadi au amehamia Mwanza. Lakini fundi anabakiwa na shilingi 10,000 hata katika Machi. Akitoa 5,000 kati ya hizo kila mwezi, mkopeshaji atapata 35,000 kabla ya msimu, na kila mara atakuwa amepata habari. Zitakazobaki kulipwa ni shilingi 745,000, nazo ni 149,000 kwa mwezi, kuanzia Juni.